Mchawi wa Mwalimu Rehana

Mwalimu Rehana Ramadhan alikuwa na hakika ya mambo mawili. La kwanza, kwamba mjini Machakos kote hakuna mtu anayesema Kiswahili kilichonyooka kumshinda yeye. La pili, kwamba ndani yake mlikuwa na kitabu, na kitabu hicho kilingoja tu mwenyewe apate nafasi ya kukitoa.

Hilo la kwanza alilirithi kwa babu yake, aliyetoka Pwani zamani akafungua duka la nguo karibu na soko. Rehana mwenyewe alikuwa amefika Pwani mara mbili tu, na mara zote mbili aliumwa na tumbo. Lakini mtu akisema mbele yake, "Hii mtoto iko na homa," alikunja uso kama aliyekanyagwa kidole, kisha akarekebisha taratibu: "Mtoto huyu ana homa." Alimfanyia hivyo daktari. Aliwafanyia hivyo watu matangani. Siku hizi akiusimulia mkasa wenyewe, hapo ndipo huanzia, na husema bila kuzunguka: "Nilikuwa mtu wa kuchosha. Nashangaa hamkunihama."

Alikuwa na shule ndogo ya chekechea, vyumba vitatu na uwanja wenye bembea mbili, watoto sitini kasoro wanaougua. Walimu walikuwa watatu pamoja naye, na mpishi mmoja. Mpishi aliitwa Kavindu. Watoto walimwita Susu, kama wanavyowaita nyanya zao nyumbani kwa Kikamba, na kwa kuwa shule ya chekechea hutawaliwa na watoto, walimu nao wakamwita Susu, hata Rehana mwenye miaka arobaini na saba. Susu Kavindu alikuwa mama mwembamba wa miaka sitini na kitu, mwenye maneno machache. Alikuja miaka tisa nyuma kutafuta kazi. Rehana alimuuliza ametoka wapi, akajibu, "Kule chini, Masinga," na habari zikaishia hapo. Tangu siku ile, alichomuuliza Rehana kila asubuhi ni kama uji umepoa.

Kitabu kilianza na choo. Kulikuwa na mvulana wa miaka minne aliyekataa katakata kwenda chooni kwa sababu binamu yake alimwambia mle ndani kuna mchawi. Wiki moja baadaye watoto saba walikuwa wamekataa, na shule ilikuwa inafua suruali zaidi kuliko inavyofundisha herufi. Walimu wenzake walitaka wabandike picha za maua mlangoni. Rehana aliona mbali zaidi. Alikuwa amewahi kushika vitabu vya picha kutoka ng'ambo, vyenye wachawi wachangamfu wa kofia ndefu na paka, na watoto wanaowacheka badala ya kuwakimbia. Akajiuliza, mbona sisi hatuna wetu? Mchawi wa kwetu, anayeruka kwa ungo, mwenye roho nzuri, anayekosea kosea mambo kama mtu yeyote. Mtoto akishamcheka mchawi kitabuni, hatamwogopa chooni.

Likizo nzima ya Desemba aliandika. Kitabu chenyewe kilikuwa na kurasa kumi na sita na sentensi mbili kila ukurasa, lakini alikiandika mara kumi na nne, na kila mara alijisomea kwa sauti mbele ya kioo. Mchawi alimwita Bi Mapepe. Bi Mapepe aliishi peke yake juu ya kilima. Alikuwa na ungo wa kurukia, lakini aliogopa kwenda juu, kwa hiyo aliruka kimo cha kuku. Kijiji kilipokauka alijaribu kuita mvua, akakosea maneno, na badala ya mvua yakanyesha mandazi. Watu waliomwogopa miaka yote walitoka nje na mabeseni, wakala pamoja naye. Basi. Rehana alipomaliza alilia kidogo, kwa namna anayolia mtu aliyejifurahisha mwenyewe.

Wa kuchora alikuwa Mwanzia, fundi wa mabango mwenye kibanda nyuma ya soko. Ng'ombe wote wa kwenye kuta za mabucha ya mji ule, na vichwa vyote vya kwenye vibanda vya vinyozi, vilikuwa kazi ya mkono wake.

"Mwalimu, mchawi sijawahi kuletewa," Mwanzia alisema. "Anakaa aje?"

"Mchore mama wa makamo, mwenye uso wa upole," Rehana alisema. "Mengine nitakuelekeza."

Na alimwelekeza kweli. Kila siku shule ikifungwa alivuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya Mwanzia mpaka kibanda kifungwe. Inua nyusi kidogo. Punguza pua. Hapana, rudisha pua. Mwanzia alikuwa mtu mvumilivu, aliinama juu ya karatasi, akiinua macho mara kwa mara na kuyarudisha. Picha zilipokamilika Rehana alizitazama muda mrefu. Alihisi amewahi kumwona mama huyu mahali, pengine sokoni, pengine kwenye ndoto. Akamwambia Mwanzia hicho ndicho kipaji, kuchora mtu ambaye kila mtu atahisi anamjua. Mwanzia alikohoa, akasema asante.

Kitabu kilichapishwa, kikafungwa kwa pini mbili, na jalada likang'aa. Siku ya kwanza ya kukisoma, Rehana aliwakusanya watoto wote sitini kwenye chumba kikubwa baada ya mapumziko. Watoto walikaa mkekani. Walipoona jalada tu, wakaanza kucheka, wakapigana viwiko, wakanong'onezana. Rehana alifurahi. Alikuwa hajafungua hata ukurasa.

Alisoma kwa sauti tatu tofauti. Sauti ya Bi Mapepe aliifanya nyembamba yenye mtetemo, na alipofika ukurasa wa kumi, pale mchawi anapotoka mbele ya kijiji, alisimama, akatandaza mikono, akatangaza: "Ndiyo, mimi ni mchawi! Lakini ni mchawi mwema!"

Watoto walipiga kelele za furaha. Wakati huohuo Susu Kavindu alikuwa ameingia kukusanya vikombe. Alisimama mlangoni na sinia mkononi. Aliiweka sinia chini, polepole, akavua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti kidogo cha mtoto. Kisha akatoka. Rehana aliona macho yake yamelowa.

Na alifikiria nini Mwalimu Rehana? Alifikiria: maneno yangu yamemgusa. Mama wa watu, hakuwahi kusomewa kitabu maishani, na leo fasihi imempiga moyoni. Mchana huo alimpigia simu dada yake Maryam kumweleza. "Aliondoka machozi yakimtoka," alisema. "Sikutarajia watu wazima pia." Mpaka leo, akikumbuka simu hiyo, hufunika uso kwa mtandio.

Kesho yake Susu hakuja kazini. Rehana aliwaza kwamba bado ameguswa. Kesho kutwa hakuja pia, na simu yake ilikuwa imezimwa. Uji ulipikwa na Rehana mwenyewe. Siku ya kwanza uliungua, siku ya pili ukawa na madonge makubwa kama ndimu, na mtoto mmoja wa darasa la PP1 aliuliza kwa adabu kama yale ni mayai.

Siku hiyo ya pili, saa ya kuchukua watoto, alikuja Abdikadir, baba yake Farhia. Abdikadir aliuza mbuzi na ng'ombe, alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya mnadani, na Farhia, mtoto wake wa mwisho, alikuwa na miaka mitano na sauti ileile.

"Mwalimu, nimekuja na malalamiko," alisema.

Rehana alijiandaa. Alikuwa amengojea mzazi wa kulalamikia dini, na hotuba alikuwa nayo tayari.

"Nyumbani tulikuwa na dawa moja tu ya kumlaza huyu," Abdikadir alisema, akimwonyesha Farhia. "Namwambia, lala, mchawi anakuja. Analala. Sasa nimemwambia hivyo juzi, amekaa dirishani anamngoja. Ameweka mandazi mawili kwa sahani. Mama yake anamwambia alale, anasema, 'Mgeni hajafika.' Sasa mimi nimtishe na nini?"

"Pengine usimtishe, Baba Farhia."

Abdikadir alilifikiria jambo hilo kama mtu aliyeletewa mnyama asiyemjua. Kisha akachukua kitabu mezani. Alitazama jalada. Akamtazama Rehana. Akatazama jalada tena.

"Hii kitu," alisema, "ulikubali mwenyewe?"

"Kitabu hiki nimekiandika mwenyewe," Rehana alisema, akisisitiza lile neno *hiki*.

"Wewe ni mtu mwenye roho ngumu," Abdikadir alisema kwa heshima, akamshika mtoto mkono. Mlangoni aligeuka. "Na yule mama wa uji amekosana na nani? Farhia anasema alitoka hapa akilia."

"Alifurahi," Rehana alisema.

"Hakufurahi," Farhia alisema. "Aliogopa."

Neno hilo la mtoto lilimwingia Rehana sikioni likakataa kutoka. Lakini hata hapo, na hili husimulia kwa kujipiga kichwa, hakulielewa. Alichukua nakala moja ya kitabu, akaandika ndani kwa mwandiko wa madaha, "Kwa Susu, msomaji wangu wa kwanza mtu mzima," akaomba aelekezwe nyumba, akapanda boda boda.

Susu Kavindu alipanga chumba kimoja mtaa wa juu, mwisho wa barabara ya vumbi. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, akisuka kiondo. Alipomwona mwalimu hakushtuka. Alimsogezea kigoda cha pili.

"Karibu, Mwalimu. Kaa."

Rehana alikaa. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kidevuni. Akatoa kitabu kwenye mkoba, akakishika kwa mikono miwili.

"Susu, niliona jinsi kitabu kilivyokugusa. Nimekuletea nakala yako."

Kavindu alikitazama kitabu bila kukipokea. Vidole vyake viliendelea na uzi.

"Kilinigusa," alisema. "Vile moto inagusa mtu."

Moto inagusa. Rehana aliisikia, na ulimi wake haukuwa na la kurekebisha.

"Kule kwetu hawasemi mchawi," Kavindu alisema. "Wanasema muoi. Wewe unajua hiyo neno?"

"Nalijua."

"Unaijua kwa masikio. Mimi nilivaa." Akaweka kiondo chini. "Ndugu yangu Makau alikuwa na mtoto wa miezi saba. Akaharisha siku tatu. Mama yake alikuwa shamba, mimi ndiye nilikuwa nampikia uji. Akakufa. Mama yake akasema ni uji. Kwanza alisema peke yake. Halafu wakasema wawili. Halafu nikipita, watu wanavuta watoto ndani. Halafu wakaja mchana wakachoma nyumba yangu, watu wote wakiangalia. Makau alikuwa amesimama hapo. Hakubeba kiberiti. Lakini hakubeba maji pia."

Rehana alikishusha kitabu.

"Hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Nikakuja hapa na nguo zenye nilikuwa nimevaa. Nikalima kwa watu. Halafu nikasikia shule inatafuta mpishi. Unakumbuka uliniuliza nini?"

Rehana hakukumbuka. Ilibidi aseme hivyo.

"Uliniuliza, 'Unajua kupika uji wa watoto?' Nikasimama hapo nikifikiria nikimbie. Halafu nikasema, najua."

Mtaani alipita mtu na mkokoteni wa mitungi ya maji. Walimwacha apite. Rehana alikuwa anakitafuta kitu cha kusema, na alichokipata, kwa bahati mbaya, kilikuwa ni kujitetea.

"Lakini Susu, mchawi wangu mimi ni mwema. Ndiyo sababu yenyewe niliyoandika, watoto wasiogope. Watu wanamchukia, halafu wanaona ana roho nzuri, halafu..."

"Mwalimu." Kavindu hakupandisha sauti. "Mimi sikuwa muoi mzuri. Mimi sikuwa muoi."

Kavindu alikigusa kitabu kwa ncha ya kidole.

"Sasa wewe umeambia watoto kuna ule mbaya na kuna ule mzuri. Kesho mtu akininyooshea kidole, hao watoto watauliza, 'Susu ni ule mzuri ama ni ule mbaya?' Hakuna mtu atauliza kama hiyo kitu iko."

Likizo nzima, Rehana alikuwa ameandika mara kumi na nne, mbele ya kioo, na hilo halikuwa limempita akilini hata mara moja. Alitazama jalada linalong'aa. Lile andiko lake la madaha ndani, *msomaji wangu wa kwanza mtu mzima*, alitamani kulitafuna.

"Nitavichoma," alisema. "Vyote. Leo hii."

"Wacha kuchoma," Kavindu alisema. "Watu wanapenda kuchoma sana."

"Basi nifanye nini?"

"Sijui. Si wewe ndio mwalimu?" Akaokota kiondo chake tena. Baada ya muda akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Na uji nani anapika?"

"Mimi."

"Unamwaga unga kwa maji ikishachemka?"

"Ndiyo."

"Ndio maana Farhia amekonda," Kavindu alisema. "Jumatatu nakuja."

Jumatatu alikuja. Alifunga aproni yake, akapika uji, watoto wakanywa wakaongezwa, wakaongezwa tena. Rehana alikuwa amevificha vitabu kwenye kabati na ufunguo ameuweka kwenye mkoba. Lakini baada ya mapumziko Kavindu aliingia chumba kikubwa, akafuta mikono, akakaa kwenye kiti kimoja kidogo.

"Lete hiyo kitabu," alimwambia Rehana. "Na hao watoto waite."

Rehana alikitoa kabatini, akakileta. Kavindu alikiweka magotini jalada likiwa juu, akawageuzia watoto.

"Huyu ni nani?"

Rehana alifumba macho. Alingoja neno lile.

"Mwalimu!" watoto sitini walipaza sauti.

Akafumbua macho. "Naam? Niko hapa."

"Hapana, *huyu*!" Farhia alisimama mkekani, akanyoosha kidole kwenye jalada. "Huyu ni wewe! Si ni wewe, Mwalimu? Iko na miwani yako."

"Na kamba ya miwani," alisema mwingine.

"Na ile mwanya!"

"Na pini ya mtandio!"

Rehana alikichukua kitabu. Alikisogeza karibu, akakiweka mbali, kisha akavaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani kwa kamba. Bi Mapepe alimtazama kutoka juu ya ungo wake, miwani ikimning'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa na mwanya wa mbele. Alikuwa na kidevu cha pili kilichopumzika juu ya cha kwanza. Mtandio wake wa buluu ulibanwa na pini kubwa upande wa kushoto, mahali palepale Rehana alipobana wake kila asubuhi tangu aolewe. Kurasa kumi na sita, na katika kila ukurasa alikuwa yeye: Rehana juu ya ungo, Rehana akiogopa, Rehana ameketi katikati ya mandazi na mdomo wazi. Watoto walijua tangu sekunde ya kwanza. Abdikadir alijua. Bila shaka mji mzima ulijua.

Kutoka kwenye kile kiti kidogo ikasikika sauti ngeni shuleni hapo. Ilianza kama kikohozi. Susu Kavindu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hata Rehana hakuweza kuyaelewa vibaya.

"Kumbe ni Mwalimu," alisema alipopata pumzi. "Sasa muoi yuko wapi?"

Watoto walitazamana. Hilo lilihitaji kujadiliwa. Mvulana yule wa choo alisema mchawi amejificha nyuma ya Mwalimu. Wengine wakakataa.

"Susu," Farhia alisema, kwa uvumilivu wa mtu anayemweleza mgeni njia, "mchawi hayuko. Ni wa hadithi. Kama simba akiongea. Ni Mwalimu anacheza tu."

"Hayuko kabisa?"

"Kabisa."

"Hata Masinga?"

Farhia hakujua Masinga ni wapi, lakini alikuwa mtoto wa mfanyabiashara na hakupenda kuacha bei ikining'inia. "Hata huko," alisema.

Kavindu alimtazama mtoto yule kwa muda. Kisha akamrudishia Rehana kitabu.

"Sasa soma," alisema. "Lakini kabla hujasoma uwaambie hivyo. Kila siku."

Rehana aliwaambia. Akasoma, kwa sauti moja tu, kwa sababu zile nyingine mbili zilimkatalia. Alipofika ukurasa wa kumi sentensi yake aliiruka, na ilipofika likizo ya Aprili alikuwa ameibandikia kila nakala karatasi mpya mahali pale kwa mkono wake mwenyewe. Ilisema: "Watu walidhani Bi Mapepe ni mchawi. Hawakuwahi kumuuliza." Ungo wa kuruka aliuacha, na mandazi pia, kwa sababu hadithi ni hadithi. Mvulana wa choo alianza kwenda chooni, ingawa walimu wenzake wanasisitiza ni kwa sababu ya yale maua waliyobandika mlangoni bila kumwambia.

Kwa Mwanzia alikwenda siku hiyohiyo.

"Mbona hukuniambia?"

Mwanzia alikuwa juu ya ngazi akimalizia pembe za ng'ombe. "Ulisema mama wa makamo mwenye uso wa upole," alisema. "Na ulikuwa umekaa hapo."

Rehana alijishika shavu. "Kidevu changu ni kikubwa hivyo kweli?"

Mwanzia alichovya brashi. "Nilipunguza, Mwalimu."

Ilikuwa Juni, mvua zimekwisha, Kavindu alipomwita Rehana jikoni, akatoa simu yake ndogo ya vitufe. Alikuwa na namba ya Makau. Alipewa na mtu wa kwao aliyekutana naye sokoni, na alikaa nayo miaka minne. Kupiga hakuweza. Akipokea mke wake je, yule aliyesema ni uji? Lakini ujumbe mtu anaweza kuusoma akiwa peke yake. Macho yake hayakuona vitufe vizuri, na Mwalimu ndiye mwandishi.

Mwalimu ndiye mwandishi! Rehana alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa, akavaa miwani, akaandika. Aliandika juu ya damu isiyogeuka maji. Aliandika juu ya miaka iliyokwenda kama upepo juu ya bwawa. Simu ililia kwamba ujumbe sasa ni kurasa saba. Akamsomea Kavindu kwa sauti, na hata akatulia mahali pa kutulia.

"Huyo ni nani anaongea?" Kavindu aliuliza.

"Ni wewe."

"Mimi siongei hivyo. Makau atafikiria nimekufa na hiyo ni mambo ya matanga. Futa."

Rehana alifuta. Kavindu akamwambia cha kuandika, neno kwa neno, naye akaandika bila kugusa ngeli yoyote: "Makau, ni Kavindu. Niko Machakos. Mimi napikia watoto sitini uji kila siku, miaka tisa. Wote wako wazima."

"Tuma," Kavindu alisema.

Rehana alituma. Kisha akatoka nje akasimama kando ya bembea, akalia kidogo, na kwa mara ya kwanza hakulilia maneno yake mwenyewe.

Siku tatu hazikuwa na jibu. Rehana aliulizia simu ile kuliko mwenyewe. Siku ya nne, vikombe vikioshwa, ikatetemeka ndani ya aproni. Kavindu alikausha mikono, akaitoa, akampa.

"Soma."

Rehana alisoma. "'Mbuzi yako yenye uliacha ilizaa. Zimefika kumi na nne. Sijauza hata moja.'"

Akageuza simu kuona kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Kavindu alisimama akitazama sinki.

"Nilikuwa na mmoja tu," alisema. "Mweusi. Nilifikiri waliila siku ileile."

Akaichukua simu, akatoka nayo nyuma ya jiko, akaisogeza karibu sana na macho, akabonyeza kwa kidole kimoja. Rehana alifika mpaka mlangoni, tayari kusaidia na maneno. Hapo akajishika mwenyewe, akarudi kwenye sinki, akaendelea na vikombe. Kupitia mabati alisikia, "Makau? Ee. Ni mimi," kisha kimya kirefu, kisha Kikamba cha haraka, kisha kimya tena, na mtu akipenga kamasi.

Kavindu alirudi baada ya nusu saa. Macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia.

"Anasema nikuje Desemba, nione mbuzi," alisema. "Mke wake pia amesema. Amesema kwa simu, nimesikia sauti."

"Utaenda?"

Kavindu aliangalia kikombe kimoja alichokiosha Rehana, akakirudisha kwenye maji.

"Nimemwambia nitafikiria," alisema. "Wacha wafikirie pia."